Picha ya Kabla

CHUMA: Haloo! Jimu ya Chuma hapa, tunakata tumbo, tunajenga kifua. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Kata lako kwanza.

CHUMA: Samahani? Muziki uko juu huku. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Punguza huo muziki, utanijua.

CHUMA: Dada, kama ni ile nafasi ya kina mama ya asubuhi, kwa kweli imeshaja—

SHANGAZI: Dada! Mimi niliyekuogesha mpaka ukaanza kuota ndevu, leo ni dada yako?

CHUMA: Aa. Shangazi. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Imechelewa, lakini imefika.

CHUMA: Namba ngeni hii, ningejuaje?

SHANGAZI: Ni simu ya mama wa kitanda cha jirani. Yangu imezima, na wodi nzima ina soketi moja inayogombaniwa na watu wenye magongo. Mama wa watu kaniazima, kasema salio lenyewe si la kutambia. Kwa hiyo usinizungushe.

CHUMA: Goti linaendeleaje?

SHANGAZI: Goti lipo. Wamelifunga kama mto wa kochi. Mpaka wiki ijayo ndiyo watanitoa. Bobini uliyemchukua kwako hajambo?

CHUMA: Hajambo kabisa! Yuko poa sana. Shangazi, ungemwona mdogo wangu sasa hivi usingeamini.

SHANGAZI: Ee?

CHUMA: Kachangamka. Anaamka alfajiri na mimi, tunakuja wote jimu. Siyo yule wa kulala mpaka jua liko utosini.

SHANGAZI: Anakula?

CHUMA: Chakula safi tu. Hakuna mafuta, hakuna sukari.

SHANGAZI: Basi vizuri. Na mbona hanipigii? Kila siku mchana akimeza dawa yake ananipigia. "Shangazi, nimemeza." Hana zaidi ya hayo, anakata. Tangu Jumatatu simsikii. Naona vijumbe vyako tu, "yuko poa", "yuko poa", kama kasuku wa dukani.

CHUMA: Simu yake nimeiweka mimi. Apumzishe akili. Ni sehemu ya mpango.

SHANGAZI: Mpango. Haya. Yuko wapi sasa hivi?

CHUMA: Yuko... chumba cha nyuma. Kapumzika.

SHANGAZI: Kalala?

CHUMA: Kalala, ndiyo.

SHANGAZI: Huyu huyu aliyeacha kulala mchana.

CHUMA: Si unajua, mazoezi yana—

SHANGAZI: Endelea, usikatishe. Unadanganya vizuri leo, naona hata pumzi imekua.

CHUMA: Shangazi, sijadanganya chochote mi—

SHANGAZI: Leo asubuhi, kabla simu yangu haijazima, iliita. Namba siijui. Alikuwa Bobini. Kaazima simu ya mteja wako mmoja, ananong'ona. "Shangazi, vioo vinaniita." Halafu ikakatika. Nimeshinda hapa kitandani naomba simu za watu mpaka nikaona haya. Nimekupata. Nimekuuliza hali, nikakuacha udanganye mpaka uchoke. Umechoka, au nikuongezee dakika?

[muziki wa jimu unapunguzwa]

SHANGAZI: Mdogo wako anameza dawa?

CHUMA: Shangazi, naomba unisikilize kwanza bila kupandisha. Mimi mwili ndiyo kazi yangu—

SHANGAZI: Anameza, hamezi?

CHUMA: Tumezipumzisha.

SHANGAZI: "Tumezi." Wewe na nani? Wewe na daktari gani?

CHUMA: Mwili unatakiwa usafishwe, shangazi. Kuna sumu imejaa mle ndani miaka yote hiyo. Nina wateja wangu, watu wazima, wana heshima zao, wameacha dawa za—

SHANGAZI: Wateja wako wana vitambi. Bobini ana ugonjwa. Huoni tofauti?

CHUMA: Ugonjwa, ugonjwa! Kila siku ugonjwa. Kwani anaumwa nini hasa? Mara moyo, mara kichwa, mara mifupa. Hakuna mtu anayeumwa vyote hivyo kwa wakati mmoja.

SHANGAZI: Ebo! Umelala naye chumba kimoja utoto wenu wote na hujui anaumwa nini. Basi keti kwenye moja ya hizo benchi zako, nikufundishe. Mama yenu, Mungu amrehemu, alimzaa akiwa na tundu moyoni na kaakaa limepasuka, akinyonya maziwa yanatokea puani. Ndiyo maana mpaka leo anasemea puani. Mimi nikadhani ni mikosi, mmoja juu ya mwingine. Daktari akaniambia hapana, ni kitu kimoja tu. Kuna kipande cha jeni hakipo. Kidogo hivi, hukioni kwa jicho. Hakikuwepo tangu tumboni. Hicho hicho ndicho kinachomshusha kalsiamu mpaka leo, na hicho hicho ndicho kilichomletea zile sauti alipokuwa msichana mkubwa. Siyo uchawi, siyo uvivu. Na siyo mafuta ya chakula, wewe zuzu.

CHUMA: Usinitukane, shangazi. Mimi ni mtu mzima, nina watu hapa.

SHANGAZI: Wasogeze karibu wasikie.

CHUMA: Haya, sawa, ana jeni. Lakini ile dawa ya njano ulimwona ilivyomfanya? Ulimwona kweli? Gunia! Anatembea kama anakokotwa. Anatokwa na udenda mpaka mto unalowa. Unamsemesha leo, anakujibu kesho. Wewe umeridhika naye hivyo?

SHANGAZI: Nimeridhika naye akiwa—

CHUMA: Umeridhika kwa sababu hakusumbui! Anakaa kwenye kona ya karakana yako ya ushonaji anakutobolea matundu ya vifungo, kimya, basi kwako huyo ni mzima. Mimi nilimtaka arudi yule mdogo wangu mwembamba, anayecheka. Nyie mmemzoea kama stuli. Shangazi? Upo?

SHANGAZI: Nipo. Nasubiri wimbi la hasira lipite nisikulaani kwenye simu ya watu. Wewe unamkumbuka yule mwembamba anayecheka. Unakumbuka alikuwa anacheka na nani?

CHUMA: Kivipi?

SHANGAZI: Na ukuta. Kabla ya hiyo dawa ya njano alizima cherehani zangu zote, moja moja, kwa sababu zilikuwa zinamtukana. Akaingia chini ya meza ya kukatia, kaziba masikio kwa vipande vya sponji za mabega, hali, haogi. Wakajaribu dawa nyingine, shingo ikakakamaa. Wakajaribu nyingine tena, hakuna kitu. Hii ya njano ndiyo iliyomtoa chini ya meza. Siku alipotoka alisema, "Shangazi, kumetulia." Nililia mpaka mafundi wakafunga kazi. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unajaza mikono. Kwa hiyo udenda wake niachie mimi, foronya zangu mwenyewe nafua.

CHUMA: Nilikuwa natafuta maisha.

SHANGAZI: Uliyapata? Maana naona bado unatafuta kwa mdogo wako.

CHUMA: Unamaanisha nini?

SHANGAZI: Wewe hujawahi kumbeba mtu bure. Hata mama yako ulipomsukuma kwenye kiti cha magurudumu ulitaka soda. Nini kimekufanya umkumbuke Bobini ghafla? Niambie mwenyewe.

CHUMA: Hakuna kitu. Ni mdogo wangu.

SHANGAZI: Chuma.

CHUMA: [anashusha pumzi] Kuna... kuna ubao pale mlangoni. Unaweka picha. Mteja alivyokuwa kabla, na alivyo baada. Watu wakiona ndiyo wanajiandikisha. Jimu zote zinafanya hivyo.

SHANGAZI: Toba. Umempiga picha.

CHUMA: Ya kawaida tu! Ana fulana na kaptura, hakuna ubaya wo—

SHANGAZI: Umemvua dera lake umemsimamisha mbele ya watu na kovu lake la kifua—

CHUMA: Kovu linaonekana kidogo tu juu! Na mwenyewe alikubali.

SHANGAZI: Bobini anamkubalia hata mbuzi. Umeibandika?

CHUMA: Ya kabla tu. Ya baada bado.

SHANGAZI: Ya baada bado! Mama, umesikia? [mbali kidogo] Samahani mama, namalizia. Ndiyo, ni mtoto wa kaka yangu. Hapana, mwingine tunaye mzuri. [karibu] Haya, bwana picha. Vioo vinamwitaje?

CHUMA: Sijui, mambo yake ya—

SHANGAZI: Vioo vinamwitaje? Umemsikia, uko naye kutwa.

CHUMA: [polepole] Vinamwita Kabla. Neno limeandikwa juu ya picha, kwa herufi kubwa. Wale vijana wa jioni wakawa wanamtania, "Kabla, niletee maji," "Kabla, pisha." Utani tu. Halafu juzi akaniambia vioo navyo vinasema. Usiku kucha, Kabla, Kabla. Nikamwambia ni uchovu.

SHANGAZI: Uchovu.

CHUMA: Leo asubuhi nimetoka nje kidogo, kurudi nikakuta kachukua taulo zote za wateja, kafunika vioo vyote. Jimu nzima. Wateja wakaanza kuogopa, mmoja kaondoka na mke wake. Nikajaribu kuzitoa akapiga kelele... Shangazi, sijawahi kumsikia akipiga kelele vile.

SHANGAZI: Mimi nimewahi. Sasa ukafanyaje? Kalala kweli huko nyuma, au umemfungia?

CHUMA: Ni chumba cha vyuma vibovu. Kina dirisha.

SHANGAZI: Umemfungia.

CHUMA: Kwa muda! Kwa usalama wake, nina vyuma vizito huku, angeweza ku—

SHANGAZI: Mwanaume mzima, kifua kama kabati, anamwogopa msichana mwenye taulo. Kalsiamu je? Yale ya kutafuna, yenye ladha ya chungwa. Usiniambie.

CHUMA: Yale yanaleta mawe kwenye figo, shangazi, kila mtu anajua. Na anapata madini yote kwenye—

SHANGAZI: Usiniambie, nimesema!

CHUMA: ...mboga.

SHANGAZI: Ameanguka?

CHUMA: Hapana.

SHANGAZI: Chuma, huyu mama anayenisikiliza hapa mwenyewe kashika tama. Ameanguka?

CHUMA: Jana. Siyo kuanguka hasa. Alikuwa kwenye mashine ya kukimbilia, taratibu tu, mwendo wa bibi. Akasema midomo inamchonyota. Halafu vidole vikajikunja, hivi, kama anashika kijiko. Akakaa chini, akatikisika kidogo. Nilimpa maji na chumvi. Ni misuli, inatokea kwa watu wote.

SHANGAZI: Ni degedege, siyo misuli. Watu waliozaliwa kama yeye degedege iko mlangoni siku zote, na yale ya kutafuna ndiyo komeo. Wewe umekuja umeling'oa komeo, ukaita mazoezi. Moyo ule ulishonwa akiwa hajajua kukaa. Umeupandisha kwenye mashine.

CHUMA: Mwendo wa bibi, nimekwambia.

SHANGAZI: Haya, nimesikia ya kutosha. Hasira zangu nitakuletea nikitoka, ziko salama, hazitaoza. Sasa mfungulie mdogo wako, umpeleke hosp—

CHUMA: Sihitaji kumpeleka popote. Nimeshalirekebisha.

[mkwaruzo kwenye laini]

SHANGAZI: Sijakusikia. Umeshafanya nini?

CHUMA: Nimesema nimelirekebisha. Mimi siyo mbishi, shangazi. Nikiona mpango haujaenda vizuri nakubali. Dawa kazimiss tangu Jumatatu, ndiyo tatizo, sawa? Basi anazifidia leo.

SHANGAZI: Anazifidiaje?

CHUMA: Kama mazoezi tu. Mteja akikosa siku ya miguu, siku inayofuata anafanya ya leo na ya jana. Mwili unarudi kwenye mstari.

SHANGAZI: Chuma.

CHUMA: Ni hesabu rahisi, siyo mambo ya kwenda kukaa foleni na kuchekwa na manesi.

SHANGAZI: Chuma, nisikilize. Hizo dawa za siku zote alizokosa, ziko wapi? Ziko mkononi mwako?

CHUMA: Asingemeza zote moja moja, si unamjua. Nimezisaga. Nimemchanganyia kwenye maziwa na unga wa protini, wa chokoleti, ule anaoupenda.

SHANGAZI: Mungu wangu. Yako wapi maziwa?

CHUMA: Anayo.

SHANGAZI: Anayo wapi?

CHUMA: Huko chumbani. Nimempa muda si mrefu, ndiyo nikaja kupokea simu yako.

SHANGAZI: Nenda ukayachukue.

CHUMA: Shangazi, mbona sauti—

SHANGAZI: Nenda ukayachukue sasa hivi! Mwanangu, nakuomba. Sikutukani tena. Akikosa ile dawa zaidi ya siku mbili, hairudishwi ilipoishia. Mwili unakuwa umeshaisahau. Anaanza upya, kipande kidogo, kama siku ya kwanza, tena mbele ya macho ya daktari. Daktari aliturudia hilo mpaka Bobini akawa analisema usingizini. Ukimpa ya siku zote kwa pamoja, na kalsiamu hana, na jana ameshatikisika, na moyo ule... Chuma, atalala asiamke. Unanielewa? Kimbia!

CHUMA: Asi—? Mimi nilidha—

SHANGAZI: KIMBIA!

[simu inawekwa chini kwa kishindo. Hatua zinakimbia. Sahani ya chuma inaanguka sakafuni. Kwa mbali, kufuli]

SHANGAZI: Chuma? ... Kaiacha. Mama, kaiacha simu wazi. Salio likoje? ... Limebaki hilo tu? Nivumilie mama yangu. Nivumilie kidogo.

[mkwaruzo. Muziki wa jimu, chinichini]

SHANGAZI: Si unaona? Miaka yote hii, mama, kila mchana, kazi yangu ni kumwomba huyu mtoto ameze. Meza Bobini. Meza mwanangu. Na leo nimelala hapa naomba awe amekataa.

[hatua zinarudi, polepole]

SHANGAZI: Chuma? Sema.

CHUMA: [anahema] Kikombe kitupu. Shangazi, kikombe kitupu. Kakaa juu ya zile sahani za vyuma, ananiangalia. Namuuliza hajibu. Anasema anataka simu tu. Shangazi, mimi sikujua. Wallahi sikujua, nilidhani ni kama—

SHANGAZI: Mpe simu.

CHUMA: Nilidhani ni kama mazoezi—

SHANGAZI: Mpe simu, wewe!

[mkwaruzo. Pumzi]

BOBINI: Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mama. Bobini, ume—

BOBINI: Goti halijambo?

SHANGAZI: Goti halijambo. Umekunywa yale maziwa?

BOBINI: Wamekutoa nyuzi?

SHANGAZI: Bado. Bobini, mama yangu, niangalie... nisikilize. Maziwa aliyokupa kaka. Umekunywa?

BOBINI: Nimemwaga.

SHANGAZI: Umemwaga wapi?

BOBINI: Kwenye ndoo ya deki. Yote. Nilionja kwa ncha ya ulimi. Yana uchungu wa ile ya njano, tena mwingi. Nikasema huyu kanisagia. Ya njano haisagwi na kaka, naimeza mwenyewe.

SHANGAZI: [analia] Haya. Haya, mama. Vizuri.

BOBINI: Unalia?

SHANGAZI: Goti.

BOBINI: Shangazi, na vioo vilisema nisinywe. Hata huku ndani vinasikika, vinapita ukutani. Vimesema kaka hajui kitu.

SHANGAZI: Vimesema hivyo?

BOBINI: Vimesema Kabla usinywe, huyo hajui kitu. Vinamcheka.

SHANGAZI: Hilo hata mimi sina la kubisha.

BOBINI: Basi vimesema kweli. Shangazi, siku zote unaniambia visiniyumbishe, vinasema uongo. Leo vimesema kweli. Daktari akinipa kile kipande kidogo, vikasema usimeze, nitavibishiaje? Si vitaniambia, unakumbuka ile siku ya maziwa?

[mlio wa salio, mara moja]

SHANGAZI: Subiri. Subiri, mama, nipe pumzi. Nani alionja?

BOBINI: Mimi.

SHANGAZI: Vioo vina ulimi?

BOBINI: [anafikiri] Havina.

SHANGAZI: Ulionja kwanza, au vilisema kwanza? Usinifurahishe mimi. Kumbuka vizuri.

BOBINI: Nilinusa. Nikaonja. Nikasema huyu kanisagia. Halafu... halafu ndiyo vikasema.

SHANGAZI: Umeona. Kazi umefanya wewe. Miaka yote unaimeza ile dawa, unaijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Vyenyewe vilikaa kimya mpaka ulipomaliza, ndiyo vikadandia, vipate sifa. Unamjua mtu mwingine wa tabia hiyo?

BOBINI: Kaka.

SHANGAZI: Kaka! Basi vikija tena na hadithi ya maziwa, viambie vikakae naye, ni ndugu zao.

BOBINI: [anacheka, puani] Shangazi, yuko hapa anasikia.

SHANGAZI: Asikie. Ndiyo mazoezi yake ya leo. Midomo inakuchonyota?

BOBINI: Kidogo. Na vidole.

SHANGAZI: Mnaenda hospitali sasa hivi. Kalsiamu kwanza, waambie, halafu mengine. Utaenda?

BOBINI: Nitafunika kichwa. Pale mapokezi pana kioo.

SHANGAZI: Funika. Nipe huyo.

CHUMA: Shangazi, gari imeshafika. Kijana wa mapokezi kaita. Namvalisha dera lake.

SHANGAZI: Anajua kuvaa. Ukifika usianze kujieleza misuli na sumu. Utasema hivi. Dawa ilikatwa tangu Jumatatu, na kalsiamu pia, na jana alipata degedege. Na kama alionja ile iliyosagwa, alionja kwa ncha ya ulimi tu.

CHUMA: Wakiuliza nani alizikata?

SHANGAZI: Watauliza.

CHUMA: Nisemeje?

SHANGAZI: Una kifua chote hicho. Kitumie.

CHUMA: Sawa.

SHANGAZI: Na wao ndio wanaojua waanze na nini, kwa hiyo usiwafundishe. Mikono mfukoni, mdomo ufun—

[mlio wa salio, mara mbili]

SHANGAZI: Nakuja mama, namalizia! Chuma, ile picha—

CHUMA: Nitaitoa nikirudi.

BOBINI: [kwa mbali] Nimeshaitoa asubuhi, kabla hujanifungia. Iko kwenye ndoo, na maziwa.

CHUMA: Ile fremu nime— haya. Haya, sawa.

BOBINI: [kwa mbali] Shangazi amesema unibebee begi.

SHANGAZI: Sijasema hivyo.

BOBINI: [kwa mbali] Na amesema usiongee njia nzima.

SHANGAZI: Hilo ndiyo nilikuwa nalimalizia. Bobini! Ukishameza kile kipande kidogo, azima simu yoyote, ya nesi, ya mlinzi, ya yeyote, unipigie kwa huyu ma—

[simu imekatika. Salio limekwisha]